Ganda la risasi ni shahidi, lakini nani anamlinda?

KILA maandamano yanapozimwa kwa risasi humu nchini, kitu cha kwanza ambacho wananchi huwaonyesha wanahabari ni maganda. Mtu huliinua juu kwa vidole viwili, kamera zikalinasa, kisha ganda hilo hutiwa mfukoni likapotelea nyumbani. Miezi michache baadaye, familia ya marehemu huambiwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kumfikisha mtu yeyote mbele ya hakimu.

Kaunti ya Machakos imeonja shubiri hii zaidi ya mara moja. Mnamo Julai 12, 2023, waandamanaji waliharibu kituo cha kulipia ada cha barabara ya Nairobi Expressway pale Mlolongo, na watu kadhaa wakaripotiwa kuuawa kwa risasi siku hiyo. Mnamo Juni 25, 2025, wakati vijana walipokuwa wakiadhimisha mwaka mmoja tangu kuvamiwa kwa Bunge, taarifa za vifo vya risasi zilitoka Matuu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Garissa.

Mijadala inayofuata matukio ya aina hii huwa ni ile ile. Wanasiasa hulaumiana, mashirika ya kutetea haki hutoa takwimu, nao wakuu wa polisi huahidi uchunguzi. Ni nadra mtu kuuliza swali dogo ambalo huamua hatima ya kesi: lile kipande cha shaba lililookotwa lami lilitoka katika bunduki gani, na nani anaweza kulithibitisha hilo mbele ya jaji?

Ili kulijibu, yafaa kwanza tuelewe ganda lenyewe.

Kile tunachokiita risasi kwa hakika ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna kichwa, ambacho ndicho kiruka na kuua. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki ndogo iliyo katikati ya kitako, ambayo hugongwa na pini ya bunduki ili iwashe baruti. Na kuna ganda linaloshika vyote hivyo, ambalo aghalabu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Kichwa kikitoka mtutuni, ganda hubaki ndani ya chemba likiwa tupu, na ni sharti liondolewe ili risasi nyingine iingie.

Namna linavyoondolewa ndiyo kiini cha makala haya, na bunduki inayoonyesha jambo hilo waziwazi zaidi ni ile ya komeo. Hii ni bunduki ambayo mpigaji huinua mkono wa chuma ulio ubavuni, akauvuta nyuma na kuusukuma tena mbele kama anayefungua na kufunga komeo la mlango, kila mara anapotaka kupiga.

Si bunduki ngeni kwa watu wa Ukambani. Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizoandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na silaha waliyobeba katika vita viwili vikuu vya dunia ilikuwa Lee-Enfield ya komeo, inayotumia risasi za .303. Miongo mingi baada ya Uhuru, bunduki hizo hizo bado zilikuwa mikononi mwa askari wa akiba kaskazini mwa nchi. Na hata katika Machakos ya leo, uwanja wa Stoni Athi unajulikana na wapigaji shabaha wa masafa marefu, mchezo ambao mpaka sasa hutawaliwa na bunduki za komeo.

Ndani ya bunduki hiyo kuna vipande viwili vya chuma vinavyoshughulikia ganda tupu. Cha kwanza ni kulabu iliyo kwenye ncha ya komeo. Hushika ukingo wa kitako cha ganda na kulivuta kutoka chembani. Cha pili ni kirushio, ambacho hulipiga ganda upande wa pili wa kulabu ili lipinduke na kuruka nje.

Virushio ni vya aina mbili kuu. Katika bunduki za zamani kama vile Mauser ya mwaka 1898, kirushio ni ulimi wa chuma uliokaa mahali pamoja ndani ya mwili wa bunduki. Lee-Enfield hutumia parafujo ndogo iliyo kwenye ukuta wa kushoto. Komeo linapofika mwisho wa safari yake ya kurudi nyuma, ganda hugonga chuma hicho na kurushwa kulia. Hapa nguvu yote hutoka mkononi mwa mpigaji. Akivuta kwa kasi, ganda huruka mbali. Akivuta taratibu, ganda hulala tu pale juu ya magazini na anaweza kulichukua kwa vidole na kulitia mfukoni.

Aina ya pili, ambayo hupatikana katika bunduki nyingi za kisasa za komeo kama vile Remington 700, ni pini yenye springi iliyofichwa ndani ya uso wa komeo. Pini hii haingoji mwisho wa safari. Hulisukuma ganda tangu risasi ilipoingizwa chembani hadi mdomo wa ganda unapotoka nje, na papo hapo ganda huruka lenyewe hata kama komeo limevutwa polepole. Kwa kuwa ganda husukumwa ubavuni wakati wote wa kuvutwa, mara nyingi mdomo wake husuguliwa ukutani na wakati mwingine hubonyea. Wapigaji shabaha wanaoyajaza maganda yao upya katika nchi mbalimbali hulalamikia sana jambo hilo, kwani ganda lililobonyea ni sharti linyooshwe kabla ya kutumika tena.

Kuna alama nyingine inayoachwa na pini hiyo. Risasi inapolipuka, shinikizo kubwa hukisukuma kitako cha ganda dhidi ya uso wa komeo. Shinikizo likizidi kiasi, shaba hujiminya ndani ya tundu la pini na kuacha duara dogo linalong'aa. Fundi wa silaha akiliona duara hilo hutambua kwamba risasi ilikuwa na nguvu kupita kiwango.

Kwa mpigaji shabaha, yote haya ni usumbufu. Kwa mpelelezi, ni maandishi. Pini huacha shimo kwenye fataki, uso wa komeo huacha michirizi yake kitakoni, kulabu hukwaruza ukingo na kirushio huacha pigo. Vyuma hivyo vilipokuwa vikichongwa kiwandani, kila kimoja kilipata makovu madogo ambayo huongezeka kadiri bunduki inavyotumika. Ganda huyanakili makovu hayo kama vile karatasi inavyonakili mhuri.

Elimu hii si mpya. Mnamo 1927, konstebo wa polisi aliyeitwa George Gutteridge aliuawa kwa kupigwa risasi kando ya barabara huko Essex, Uingereza. Ganda moja lilipatikana ndani ya gari lililoibwa. Mtaalamu Robert Churchill alilinganisha kasoro iliyokuwa kitakoni mwa ganda hilo na bastola iliyopatikana kwa mshukiwa, na mwaka uliofuata wanaume wawili walihukumiwa na kunyongwa. Tangu wakati huo, mahakama za nchi nyingi, pamoja na zetu, zimekuwa zikipokea ushahidi wa aina hiyo.

Je, ganda lililookotwa Mlolongo au Matuu linaweza kueleza nini? Mambo matatu, na yanapungua uhakika kadiri tunavyoyataja.

La kwanza ni aina ya bunduki. Ganda la risasi ya AK-47 lina urefu wa milimita 39, la G3 milimita 51, na la .303 milimita 56. Lakini urefu peke yake hautoshi. Risasi ya milimita 51 inayoingia katika G3 ya polisi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutumiwa na bunduki ya komeo ya mwanaspoti au mwenye ranchi. Ni hapa ambapo alama za kutolewa kwa ganda huwa na thamani kubwa. Chemba ya G3 ina mifereji myembamba ya kupitisha hewa moto ili ganda lisikwame, nayo huacha mistari ya masizi kwa urefu wa ganda. Isitoshe, G3 hutupa maganda yake kwa fujo na mara nyingi huyabonyeza ubavuni. Bunduki ya komeo haiachi mistari hiyo. Hivyo basi, afisa anayedai kwamba raia mwenye bunduki ya kiraia ndiye aliyefyatua anaweza kuumbuliwa na ganda moja tu, na kadhalika raia anayemsingizia afisa.

La pili ni bunduki yenyewe hasa. Hapa mtaalamu hufyatua risasi za majaribio kutoka kwa silaha inayoshukiwa, kisha akayaweka maganda mawili chini ya hadubini ya kulinganishia. Ni kazi yenye manufaa, lakini si ya miujiza. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya mwaka 2009, na nyingine ya washauri wa Rais wa nchi hiyo mwaka 2016, zilionya kwamba uamuzi wa mwisho hutegemea sana jicho la mtaalamu na kwamba utafiti wa kupima kiwango cha makosa ulikuwa bado mchache. Mahakama zetu zafaa kuuchukulia ushahidi huu kama nguzo mojawapo ya nyumba, si nyumba nzima.

Tena kuna tofauti ambayo mawakili wengi huipuuza. Alama za kulabu na kirushio zinaweza kupatikana hata kwenye risasi ambayo haikufyatuliwa, mradi iliingizwa chembani na kutolewa. Huonyesha kwamba risasi ilipita katika bunduki fulani, wala si lazima kwamba ilifyatuliwa humo. Shimo la pini na michirizi ya uso wa komeo ndivyo huonyesha mlipuko. Mtaalamu anayesimama kizimbani yafaa aulizwe waziwazi ni alama zipi alizolinganisha.

La tatu ni mahali aliposimama mpigaji, na hili ndilo dhaifu kuliko yote. Bunduki zinazojipakia zenyewe hurusha maganda mita kadhaa, kwa mwelekeo unaotegemea aina ya silaha na jinsi ilivyoshikwa. Ya komeo hutegemea mkono wa mtu. Zaidi ya hayo, ganda la mwisho la bunduki ya komeo hubaki chembani hadi mpigaji atakapovuta komeo tena. Mtu aliyepiga risasi moja akaondoka hakuacha chochote chini. Kwa hivyo kukosekana kwa ganda si ithibati kwamba hapakuwa na mpigaji, na idadi ya maganda yaliyopatikana si lazima iwe idadi ya risasi zilizopigwa. Kwenye lami ya Barabara ya Mombasa, ambako malori hayaishi usiku na mchana, ganda linaweza kusukumwa mbali na lilikoangukia kwa muda wa dakika chache tu.

Umuhimu wa maswali haya ulionekana katika kesi iliyovuta macho ya taifa zima. Mnamo Mei 10, 2006, Robert Njoya alipigwa risasi katika ranchi ya Soysambu, katika Bonde la Ufa, na Thomas Cholmondeley akashtakiwa kwa mauaji. Sehemu kubwa ya kesi ilihusu nani hasa alifyatua risasi iliyoua, kwani upande wa utetezi ulidai kwamba huenda ilitoka kwa mtu mwingine aliyekuwapo. Mnamo Mei 2009, Jaji Muga Apondi alimpata mshtakiwa na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane. Ikiwa kesi iliyohusu shamba la mtu binafsi na watu wachache tu ilichukua karibu miaka mitatu kubishaniwa, itakuwaje kwa mji ambamo maafisa kadhaa, wote wakiwa na bunduki za aina moja, walifyatua kwa wakati mmoja?

Kuna pia funzo kutoka Turkana. Mnamo 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey lenye makao yake Geneva lilichapisha ripoti kuhusu risasi zilizokuwa zikizagaa Turkana Kaskazini. Watafiti walisoma alama za kiwanda zilizopigwa kwenye vitako na kuzifananisha na risasi za serikali, zikiwemo zile za kiwanda cha Eldoret. Walihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji zilitoka kwa polisi, waliozigawa ili jamii hiyo ijilinde dhidi ya majirani wenye silaha. Kwa hiyo hata alama ya kiwanda haiwezi kusomwa peke yake. Ganda lenye mhuri wa Eldoret huonyesha risasi ilikotengenezwa. Halionyeshi aliyeifyatua.

Sheria tunayo, na si haba. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka afisa aliyetumia silaha aripoti kwa mkubwa wake, naye mkubwa huyo alinde eneo la tukio. Panapotokea kifo au jeraha baya, ni lazima Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ijulishwe. IPOA yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka huo huo. Mnamo Februari 2016 ilipata hukumu yake ya kwanza, maafisa wawili walipofungwa miaka saba kila mmoja kwa kumuua msichana Kwekwe Mwandaza, aliyekuwa na umri wa miaka 14, nyumbani kwao Kinango mwaka 2014. Nayo maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai ya idara ya DCI, iliyo katika makao yake makuu barabara ya Kiambu, ilizinduliwa Juni 2022.

Tatizo basi si uhaba wa sheria wala wa hadubini. Tatizo ni saa chache za mwanzo. Anayepaswa kulinda eneo la tukio ni mkubwa wa yule yule anayeshukiwa. Bunduki inayopaswa kupimwa iko katika ghala la kituo kile kile. Na maabara ya kulinganisha maganda iko chini ya huduma ile ile ya polisi. Hata kama kila afisa katika mnyororo huo ni mwadilifu kama malaika, mwananchi aliyempoteza mwanawe hana sababu ya kuamini matokeo. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

Wapo watakaopendekeza kwamba kila bunduki nchini ifyatuliwe na ganda lake lihifadhiwe kabla ya kutolewa. Jimbo la Maryland nchini Marekani lilijaribu jambo kama hilo kwa bastola zilizouzwa kwa raia kuanzia mwaka 2000. Lilikusanya maganda zaidi ya 300,000, na mnamo 2015 likaifuta sheria hiyo kwa kuwa mfumo haukuwa umesaidia kutatua uhalifu.

Hata hivyo, kosa la Maryland haliwi hoja dhidi ya kufanya hivyo kwa silaha za polisi. Bastola za raia huuzwa, huibwa na kuvuka mipaka. Bunduki za kituo cha polisi ni chache, zina nambari, na hutolewa ghalani kwa kutiwa saini kila zamu. Mpelelezi mwenye ganda la Matuu hahitaji kutafuta katika rundo la maelfu. Anahitaji maganda ya bunduki zilizotoka ghalani siku hiyo, pamoja na daftari linaloonyesha nani alichukua ipi na kurudisha risasi ngapi. Mkusanyiko huo ukiwekwa nje ya mikono ya polisi, chini ya IPOA au Mahakama, swali ambalo sasa huchukua miaka lingeweza kujibiwa kwa siku chache.

Wananchi nao wana wajibu. Kuokota ganda kwa hasira na kulipungia kamera ni kuua shahidi kwa mikono yetu wenyewe. Ganda lililopita mikononi mwa watu kumi, likalala mfukoni pamoja na funguo na sarafu, hupata mikwaruzo mipya, na wakili wa utetezi atauliza kwa haki kabisa lilitoka wapi. Panapowezekana, liachwe lilipo na lipigwe picha, moja ya karibu ikiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, na nyingine ya mbali inayoonyesha duka, nguzo au mlango ulio jirani. Iwapo hatari ya kupotea ni kubwa, lichukuliwe kwa karatasi safi bila kuingizwa kitu chochote mdomoni mwake, litiwe katika bahasha peke yake, na aliyelichukua aandike saa, mahali na jina lake. Kisha likabidhiwe IPOA au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na stakabadhi idaiwe.

Katika viwanja vya shabaha, ada ya kale ni kwamba kila ganda huokotwa na kuhesabiwa kabla ya watu kurudi nyumbani. Hakuna sababu ya msingi kwa nini taifa linaloweza kuhesabu maganda ya mchezo lishindwe kuhesabu yale yaliyoanguka karibu na miili ya raia wake. Familia za Mlolongo na Matuu hazijaomba sayansi ya ajabu. Zinataka kujua ni bunduki ipi, ilikuwa mikononi mwa nani, na nani alimwamuru. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo iliandikwa kitakoni mwa kipande cha shaba siku ile ile walipoanguka wapendwa wao, na kila siku inayopita bila kipande hicho kuwekwa mahali salama, maandishi hayo yanazidi kufutika.